Mwalimu Ndani ya Nyumba Yangu

Ukipita leo kule mtaani Kimanga ukauliza nani alifundisha watoto mwaka ule waasi walipoingia Uvira na masomo yakafungwa, watakuambia ni Louise. Wote watakuambia hivyo, hata wale ambao mama zao walikuwa hawajaolewa bado. Mwalimu Louise, Louise wa watoto. Hakuna atakayekuambia kwamba Louise alifundishia katika nyumba ya Georgette, kwenye lungo la Georgette, juu ya unga wa muhogo ambao Georgette aliutwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Georgette ni mimi. Sina ugomvi na marehemu, Mungu amlaze pema. Ninasema tu ilivyokuwa.

Louise alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu Evariste. Alikaa na masista huko Bukavu miaka kadhaa, akakaribia kabisa kuwa sista, halafu akarudi nyumbani bila kumweleza mtu sababu. Hakuolewa. Wakampa darasa la kwanza afundishe, na hapo ndipo alipopata makuu. Mrefu, mwembamba, msafi kupita kiasi. Vumbi la Uvira linatupaka sisi wote, lakini yeye lilikuwa linamwogopa. Akija kwangu kusalimia, alikuwa anapangusa kiti kwanza kwa leso yake ndipo akae, na kiti chenyewe nimekipangusa mimi dakika ile ile.

Mimi nilizaliwa Bwegera, kwenye mpunga. Kaka zangu walipokwenda masomo, mimi nilisimama shambani na kopo la mawe nikifukuza ndege, kwa sababu ndege hawajui likizo. Katekisimu niliipata kwa masikio, nikaisema yote bila kukosea, nikabatizwa, nikaolewa na Evariste, karani wa forodha bandarini Kalundu. Alinichukua hivyo hivyo bila kusoma, na sikumsikia akilalamika. Uhuru ulipokuja na Wabelgiji wakaondoka, akapewa meza ya bwana wake na tai mbili, na mimi nikawa mke wa mtu mkubwa. Tulikuwa na watoto wawili, Claire na Placide. Claire alikuwa na akili za kutisha. Jioni alikuwa anakaa nami jikoni, ananipepetea mchele na kuniambia kila kitu: nani alichapwa darasani, nani aliiba chaki, padri alisema nini. Mtoto yule alikuwa redio yangu.

Mwaka wa 1964, mwezi wa tano, waasi wakaja. Watu wenye kalamu mfukoni wakaanza kutafutwa, maana ilisemekana wao ndio waliokula uhuru wa wengine. Evariste alivaa kaptula iliyochanika, akajipaka matope, akavuka kwa miguu kupitia Kavimvira hadi Bujumbura. Aliniambia atatuita. Siku ile ile nilichoma vitabu vyake vyote na madaftari ya Claire, kila kitu chenye mwandiko, nikamwaga majivu ziwani. Masomo yakafungwa, walimu wakatawanyika.

Louise akaja kwangu na mfuko mmoja, kwa sababu nyumba za walimu zilikuwa zinapekuliwa. Ningemkataa vipi? Nikampa kitenge changu cha kutwangia na kitambaa changu cha kichwa, nikamwonyesha namna ya kufunga nguo kama mwanamke wa nyumbani, si kama mtu wa kanisani. Nikamwambia aache kutembea kidari mbele. Nilimficha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na nguo zangu.

Hakumaliza wiki kabla ya kuanza. "Watoto hawawezi kukaa hivi hivi, Georgette," akasema. "Watasahau yote. Tuwasomeshe hapa nyumbani."

Nikamwuliza watasoma kwenye nini, na kitabu hakuna, ubao hakuna, chaki hakuna. Akaangalia nyumba yangu pembe zote, kama mtu anayepanga kuinunua. Akachukua lungo langu ukutani. Akachota unga wangu kwenye chombo, akautandaza mwembamba juu ya lungo, akaandika herufi kwa kidole. Ilionekana vizuri kabisa. Halafu akatikisa lungo mara moja, herufi ikapotea.

"Mtu akibisha hodi, tunapepeta unga," akasema.

Nitasema ukweli, ilikuwa akili. Ndiyo maana iliniuma. Lungo lile nimelishika tangu nikiwa mwali, na sikuwahi kuwaza kwamba linaweza kubeba kitu kingine zaidi ya chakula.

Basi nyumba yangu ikawa masomo. Punje za mahindi zikawa hesabu. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakapangwa mafungu mafungu juu ya mkeka, Placide akajifunza kuzidisha, na mimi nikangoja wamalize kuzidisha ndipo nipate kitoweo. Kopo la maziwa likawa kipimo. Nyayo za kuku uani zikawa somo la pembe. Watoto wawili watatu wa jirani wakaanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Kila asubuhi natwanga, nachekecha, wanachukua unga mweupe kabisa kwa ajili ya herufi, na sisi tunakula bugali wa unga ulioguswa na vidole kumi.

Ningevumilia hayo yote. Kilichonishinda ni Claire.

Aliacha kuja jikoni. Mwanzoni nilidhani amechoka. Halafu nikaona kila sentensi yake inaanza na shangazi. Shangazi anasema dunia inazunguka. Shangazi anasema mama usiseme hivyo, sema hivi. Siku moja aliniambia mbele ya jirani kwamba nahesabu mafungu yangu ya ndagala kwa njia ndefu, na akanionyesha njia fupi, na njia fupi ilikuwa sawa. Jirani akacheka. Mimi nikacheka pia, huku nikiyavuruga mafungu yale kwa kiganja. Kisha akabeba mkeka wake kutoka chumbani kwangu, akautandika miguuni pa Louise. Hakuniuliza. Asubuhi niliona pale palipokuwa na mkeka wake, sakafu tupu.

Na ungemshitaki kwa nani? Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Mtoto wa kaka yake ni wake, ana neno juu ya mahari, ana neno juu ya kila kitu. Ukienda kulia kwa watu kwamba shangazi anampenda mtoto wako kupita kiasi, watakuangalia wakuulize kama una homa.

Siku moja Louise alinikuta nasuuza sombe, majani ya muhogo. Akachutama pembeni, na kwangu hakuwa na desturi ya kuchutama.

"Barabara ikifunguka nitakwenda na Claire Bujumbura," akasema. "Masista wana shule kule. Atakaa nami. Evariste hatakataa."

"Na mimi?"

"Wewe una Placide. Na Georgette, mtoto huyu ana kichwa. Hapa jikoni atapata nini?"

Nikaendelea kusuuza sombe iliyokwisha kuwa safi. Hapa jikoni. Kumbe jikoni ndipo nilipokuwa nimemlea bure. Nikajua bila mtu kunieleza kwamba Evariste kweli hatakataa, kwa sababu Evariste hajawahi kumkatalia dada yake kitu, na kwamba Claire mwenyewe ataruka kwa furaha. Nilimchukia Louise siku ile, nasema bila kuficha. Nilichukia hata vidole vyake vilivyokuwa vyeupe kwa unga wangu.

Hapo ndipo nilipoamua kujifunza kusoma. Kama mtoto anapendwa kwa herufi, basi na mimi nitakuwa nazo.

Lakini kwa nani? Walimu wetu wote wa Katoliki walikuwa wamekimbia, na waliobaki walikuwa marafiki wa Louise. Nikamkumbuka Onesphore, mzee wa Waprotestanti, aliyekuwa anashona nyavu pale mto Mulongwe unapoingia ziwani. Sisi Wakatoliki wakati ule tulikatazwa hata kukanyaga ua wao. Padri alisema mtu akiimba nyimbo zao aje aungame. Padri alikuwa amekimbia, basi nikaenda.

"Mama Claire, unataka kusoma Neno la Mungu?" Onesphore akaniuliza kwa furaha, akidhani amepata kondoo.

"Hapana, baba. Nataka kumnyang'anya mtu mtoto wangu."

Aliweka chini sindano ya wavu. Halafu akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo nayo ni sababu," akasema. "Leta sombe, nitakufundisha."

Nyumbani nikasema nakwenda kutafuta ndagala. Nilikwenda na sombe, nikarudi na ndagala wachache na herufi mbili. Onesphore alikuwa anachora mchangani kwa sindano ya wavu, maji ya ziwa yakija yanafuta, anachora tena. Baadaye akatoa kitabu cha nyimbo alichokuwa amekificha ndani ya kifurushi cha nyavu kuukuu. Nilikuwa mgumu. Nilitokwa jasho kuliko kwenye kinu. Lakini kila nilipotaka kuacha, nilimwona Louise amechutama, anasema hapa jikoni, na nguvu zinarudi. Wivu ni mwalimu mkali, jamani. Mvua zilipokaribia nilikuwa nasoma wimbo mzima bila kusaidiwa, na maneno yalikuwa yananiingia yenyewe machoni, hata nisipotaka.

Nikapanga siku yangu. Jumapili, kwa kuwa mapadri hawakuwepo, tulikuwa tunasali nyumbani, na Louise ndiye aliyekuwa anasoma kwenye kitabu chake kidogo cha sala, kitu pekee alichokataa nikichome. Nikasema Jumapili hii, akifungua tu kitabu, nitanyoosha mkono nikichukue. Nitasoma kwa sauti, taratibu, bila kukwama. Nitamwona Claire anavyogeuza kichwa. Nilikuwa natwanga muhogo huku nacheka peke yangu. Placide akaniuliza kama niko mzima.

Placide ndiye aliyetuponza, bila kujua. Alikwenda kucheza ufukweni, akawapanga wenzake mstari mchangani, akashika kijiti, akawa mwalimu. Ba, be, bi, bo, bu, kwa sauti kubwa, na wenzake wanaitikia. Siku hizo hakuna mtoto wa Uvira aliyekuwa anaimba ba be bi. Mpiganaji mmoja akasimama, akamwuliza kwa upole masomo hayo yako wapi. Placide, maskini, akamleta nyumbani kwa mkono.

Waliingia wapiganaji watatu. Mbele alikuwa kijana mwenye majani kichwani na kovu kwenye shavu. Ilikuwa Ijumaa mchana. Louise alikuwa anachagua maharagwe, amefunga kitambaa changu kichwani. Claire alikuwa na lungo, alikwisha kulitikisa. Mimi nilikuwa kwenye kinu.

"Nani iko anafundisha batoto humu?" kijana akauliza.

Louise hakuinua macho, lakini niliona punje zinamtoka vidoleni. Kijana akatuangalia sisi wanawake wawili, mmoja mmoja. Kisha akainama mbele ya Claire.

"Weye mtoto. Nani anakufundishaka?"

Claire akamwangalia shangazi yake. Halafu akaniangalia mimi. Halafu akanyoosha kidole.

"Mama," akasema. "Mama njo anatufundisha. Kuhesabu ndagala."

Miezi yote ile nilikuwa nangoja kusikia hivyo. Mama ndiye anayetufundisha. Na nilipolisikia neno hilo, kilikuwa kidole kinachonionyesha kwa watu wenye mikuki. Aliangalia wawili, akachagua wa kutoa, akanitoa mimi. Sikuogopa waasi kwanza. Kwanza niliona wivu. Hata kufa nife kwa ajili ya Louise?

"Weye njo mwalimu?" kijana akaniuliza.

"Minye ni mwanamke wa kutwanga tu, mwanangu. Hayo ba be bi mtoto aliyatoa masomoni zamani, anayaimba kama wimbo."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, yenye mhuri, akanipa. "Soma."

"Sijui kusoma."

"Tutaona. Muntu anayejua, macho yake inakimbia yenyewe." Akasogeza uso wake karibu na wangu, akawa anayaangalia macho yangu, si karatasi. Nadhani yeye mwenyewe hakujua kusoma. Lakini alijua kuangalia watu.

Nikafungua karatasi, na kabla sijajizuia nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza. Kizito, mpiganaji, aruhusiwe kupita mpaka Kamanyola. Lilikuwa andiko la kwanza la mkono wa mtu nililowahi kusoma, na lilikuwa rahisi kama maji. Claire alikuwa mbele yangu. Louise alikuwa nyuma ya Claire. Sikuhitaji kungoja Jumapili. Ningeweza kusoma pale pale, kwa sauti ya padri kwenye madhabahu, na wote wawili wangebaki mdomo wazi.

Na baada ya hapo wangenichukua. Louise angebaki na nyumba yangu, lungo langu, na Claire, bila mtu wa kumwuliza. Angemlea vizuri sana. Angemwambia mama yako alikuwa shujaa. Wazo hilo ndilo lililonigandisha macho. Nikayaweka kwenye mhuri, nikayabana pale, nikaigeuza karatasi kichwa chini miguu juu, nikaiangalia kama mtu anayeangalia samaki asiyemjua. Usijaribu kitu hicho. Ukishajua kusoma, kutosoma ni kazi kuliko kutwanga.

"Jina langu iko wapi hapo?" akauliza.

Jina lake lilikuwa chini ya kidole gumba changu. Nikaonyesha mhuri. "Hii ya mviringo, si ndiyo?"

Wakacheka wote watatu. Yule mwenye kovu alicheka mpaka akajishika goti. Akamwambia Claire mama yako anahesabu ndagala lakini hawezi kuhesabu herufi. Akanivuta karatasi mkononi. Wakabeba unga wote, na kuku mmoja, wakaenda zao. Nilibaki nimesimama, mashavu yanawaka. Nilikuwa nimechekwa kama mjinga mbele ya Louise, mimi niliyejua kusoma.

Claire alikuwa amekwisha kumrukia Louise. Walikuwa wamekumbatiana, wanalia, maharagwe yamemwagika chini. Mimi hakuna aliyenikumbatia. Nikaanza kuokota maharagwe.

"Claire," nikasema mwishowe. "Kwa nini ulinitaja mimi?"

Akajifuta pua. Hakuona haya hata kidogo. "Kwa sababu hujui kusoma, mama. Nilijua watakupima, na wakikupima watakuacha. Shangazi angepimwa asingeweza kujificha."

Ilikuwa akili kubwa. Ilikuwa akili ambayo ningemsifia mtoto wa mtu mwingine. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba amekosea, kwamba mama yake anajua, kwamba karatasi ile ilisema Kizito na Kamanyola. Nikamwona Louise ananiangalia juu ya kichwa cha Claire, kwa shukrani na kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyoniudhi. Nikafunga mdomo.

Kesho yake nilikuwa jikoni, napika mboga ya lengalenga peke yake maana unga haukuwepo. Claire akaja. Alikuwa hajakanyaga pale kwa miezi. Akachutama kando ya mafiga, akachukua kipande cha mkaa kilichopoa, akalainisha udongo kwa kiganja.

"Mama, jana walikucheka," akasema.

"Ndiyo."

"Iliniuma." Akanipa ule mkaa. "Njoo nikufundishe. Usiogope, si vigumu. Tutaanza na A."

Louise akatokea mlangoni. "Claire, wenzako wanangoja hesabu."

"Ngoja kwanza, shangazi. Niko na mama."

Louise hakuondoka. Alibaki pale pale, anafungua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, anafungua, anafunga. Sura aliyokuwa nayo niliifahamu sana. Niliivaa mimi mwenyewe tangu mwezi wa tano. Nikainamia udongo ili asione ninavyocheka.

Claire akashika mkono wangu ndani ya mkono wake mdogo wenye jasho, akauongoza: mstari unashuka huku, mstari unashuka kule, na kijiti katikati. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega langu. Alinukia moshi, na sabuni ya Louise. Kisha akaniachia. "Sasa wewe peke yako, mama."

Nikaandika A isiyo na kijiti katikati.

"Hapana, mama," akasema kwa subira, akanishika mkono tena.

Nilikuwa mwanafunzi mzito kupita wote aliowahi kuona, mwenyewe atakuambia. B ilinichukua siku nyingi. D niliiandika kinyume mpaka akataka kulia. Jioni zote alikuwa jikoni, mkono wake juu ya wangu, na kati ya herufi na herufi akaanza tena kuniambia habari za kila mtu. Mkeka wake ukarudi chumbani kwangu, kwa sababu alitaka tukariri kabla ya usingizi. Kwa Onesphore niliendelea kwenda na sombe, nikasoma kitabu chake chote, nikakianza tena.

Barabara ya Bujumbura ilipofunguka, Evariste akiwa hajatuita bado, Louise alifunga mfuko wake, na mfuko wa Claire aliufunga pia. Claire akaufungua, akatoa nguo zake moja moja, akazikunja. Akamwambia shangazi yake kwamba hawezi kwenda mwaka huu, ana mwanafunzi, na mwanafunzi wake bado yuko kwenye M.